Sura ya Sita: Biki Iliyo Mkononi

Siku ninayofundisha uvumbuzi siingii darasani na picha ya Edison. Naingia mikono mitupu, kwa sababu kifaa ninachokihitaji kiko tayari juu ya kila dawati. Nawaambia wanafunzi wasogeze madaftari pembeni, kila mmoja ashike biki yake, na kwa dakika kumi asiandike nayo neno. Aifungue. Aondoe kifuniko, ang'oe kizibo kile kidogo cha nyuma, avute mrija wa wino, aitazame ncha kwa karibu kadiri macho yanavyomruhusu. Kisha aazime penseli aorodheshe kila anachokiona na kila asichokielewa.

Mwanzoni ni kelele tupu. Kuna anayepuliza mrija, kuna aliyekwishajipaka wino mpaka kwenye shati. Halafu darasa linanyamaza taratibu, na maswali yanaanza. Kwa nini biki ina pembe sita, si mviringo? Kwa nini ina katundu kadogo ubavuni? Kwa nini kifuniko kimetobolewa juu, wakati kazi ya kifuniko ni kufunika? Mbona wino haumwagiki ninapoitia mfukoni ncha ikiwa chini? Na kuna lile ambalo halikosi mtu wa kuliuliza kila mwaka: kwa nini biki ikigoma, ukiisugua kwenye soli ya kiatu inaandika tena?

Katika maswali yote hayo hakuna aliyeuliza nani na lini. Na mimi sijibu hata moja siku hiyo ya kwanza.

Nililelewa kwenye jedwali. Mwalimu wetu alichora ubaoni safu tatu: kifaa, mvumbuzi, mwaka. Simu, Bell, 1876. Balbu, Edison, 1879. Ndege, ndugu wawili Wright, 1903. Tuliikariri kwa sauti kama tulivyokariri mbili mara mbili, na kwenye mtihani nilizipata zote. Simlaumu mwalimu yule. Mtihani ulitaka majina na miaka, naye alitupa kile ambacho kingetuvusha. Lakini jedwali lile lilinifundisha jambo ambalo halikuwa ubaoni. Lilinifundisha kwamba wavumbuzi ni watu wa aina yao, walizaliwa mbali, walifanya kazi yao zamani, wakamaliza. Sikumbuki nikijiuliza hata siku moja balbu ilipasuka mara ngapi kabla haijawaka, wala nani alikuwa amejaribu kabla ya Edison, wala watu walikuwa wanasumbuliwa na nini mpaka wakaitafuta. Jina lilikuwa jibu, na penye jibu swali hufa.

Ndiyo maana naanza na biki. Historia yake ina kila kitu ambacho jedwali lilikificha.

Mwanzo wa historia hiyo ni kero ya mtu mmoja. László Bíró alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1899, akawa mwandishi wa habari. Kalamu ya wino ya zama zake ilikuwa inavuja, wino wake ulikuwa majimaji, ulichelewa kukauka, na kiganja kikipita juu ya mstari mpya kinauchafua ukurasa mzima. Kwenye kiwanda cha kuchapa magazeti Bíró aliona kwamba wino wa mitambo haukuwa na tabia hiyo. Ulikuwa mzito, na ulikauka upesi. Akautia kwenye kalamu yake. Haukushuka. Ulikuwa mzito mno kupita kwenye ncha ya kawaida.

Hapa nasimama, naweka chaki chini. Nawauliza: ungekuwa wewe ungefanyaje?

Kuna kundi litakalosema tuulainishe wino. Tukiulainisha tumerudi tulikotoka, kwenye wino unaochafua. Kundi la pili litasema tupanue tundu la ncha. Tukilipanua, kalamu itatapika wino wote kwenye neno la kwanza. Naliacha darasa libishane, wala sina haraka, kwa kuwa sehemu hii ndiyo somo lenyewe. Mwanafunzi anapohisi kwamba shida imebana pande zote mbili, kwamba kila mlango anaoufungua unamrudisha ndani, ameanza kukaa pale alipokaa Bíró kwa miaka. Mwalimu mwenye haraka ya kutoa jibu anamnyang'anya mwanafunzi nafasi hiyo, na hakuna kitabu kitakachomrudishia.

Jibu wanalo mikononi, na mara nyingi hulipata wenyewe wanapoitazama ncha tena: mna kigololi. Kigololi kidogo sana, kipenyo chake ni kama milimita moja tu, kimekaa kwenye kikombe chake na hakiwezi kutoka. Upande mmoja kinagusa wino, upande wa pili kinagusa karatasi. Kikiviringika, kinachota wino ndani na kuulaza nje. Kikitulia, chenyewe ndicho kizibo. Kwa hiyo wino mzito hauhitaji kutiririka, unabebwa.

Iko hadithi kwamba Bíró alilipata wazo hilo kwa kuwatazama watoto wakicheza gololi, moja ikapita kwenye dimbwi la maji na kuacha mstari wa unyevu nyuma yake. Wanafunzi wanaipenda, maana gololi wanazo mfukoni. Nami naisimulia, lakini kama hadithi, na mwishoni. Ikitangulia, watadhani kuvumbua ni bahati ya kupita penye dimbwi kwa wakati wake.

Tena kigololi chenyewe hakikuwa kipya. Mwaka 1888, kabla Bíró hajazaliwa, Mmarekani aitwaye John Loud alipata hataza ya kalamu yenye kigololi kwenye ncha. Alitaka kuandika juu ya ngozi, na kwenye ngozi ilimfaa. Kwenye karatasi iliandika mistari minene isiyosomeka, ikaachwa. Wazo lilikuwapo kwa miaka hamsini likisubiri vitu viwili: wino unaolifaa, na mikono inayoweza kutengeneza kigololi na kikombe chake kwa vipimo vya kupatana. Kwenye wino Bíró alisaidiwa na ndugu yake György, aliyekuwa na ujuzi wa kemia. Walipata hataza Uingereza mwaka 1938.

Mwaka huohuo Hungaria ilipitisha sheria za kuwabana Wayahudi, na familia ya Bíró ilikuwa ya Kiyahudi. Akaondoka, akapita Ufaransa, akafika Argentina. Huko alianza upya, akapata hataza nyingine mwaka 1943. Watu wa kwanza kuiona thamani ya kalamu yake hawakuwa wanafunzi wala makarani. Walikuwa marubani wa jeshi la Uingereza vitani, ambao kalamu zao za wino zilivuja angani kwa sababu hewa iliyomo ndani ya kalamu hutanuka ndege inapopanda juu. Sehemu hii huwa nairudia mara mbili, polepole. Ndani yake mna historia ya ulimwengu, mna fizikia, na mna mtu aliyekimbia nchi yake akiwa na kazi ambayo haijakamilika.

Ilipoanza kuuzwa New York mwaka 1945, kalamu ya namna hiyo ilikwenda kwa dola 12 na nusu. Hakuna mtoto wa shule angeinunua. Ilimsubiri Marcel Bich, mfanyabiashara aliyekuwa na karakana ya vipuri vya kalamu karibu na Paris. Shida yake ilikuwa tofauti na ya Bíró: kalamu zilikuwa ghali, na nyingi zilikuwa mbovu. Kigololi kikizidi nafasi yake kwa kiasi ambacho jicho halikioni, hakizunguki. Kikipungua, wino unavuja. Bich alitumia mashine za Uswisi zilizozoea kazi ndogondogo za saa, na mwaka 1950 akatoa kalamu rahisi ya plastiki inayoonyesha wino uliobaki. Aliondoa herufi ya mwisho ya jina lake, kalamu ikaitwa Bic. Sisi tukaongeza irabu, ikawa biki, hata ile iliyotengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Argentina wanaiita birome, kwa kuunganisha majina ya Bíró na mshirika wake Meyne, na tarehe aliyozaliwa Bíró, Septemba 29, ndiyo Siku ya Wavumbuzi ya nchi hiyo.

Sasa ndipo ninapouliza swali la jedwali: mvumbuzi wa biki ni nani? Darasa hugawanyika. Wako wa Loud, kwa kuwa alitangulia. Wako wa Bíró, kwa kuwa alifanya ikaandika. Wako wa Bich, kwa kuwa bila yeye wasingekuwa nayo. Safari moja msichana mmoja alisimama kumtetea György peke yake, akisema bila wino kigololi ni gololi tu. Nilimpa alama zote. Nampa alama zote yeyote anayetaja shida kwanza na jina baadaye.

Ukimaliza na biki, balbu hufundishika kwa nusu saa. Watajie Joseph Swan aliyekuwa akiwasha balbu zake Uingereza miaka ileile ya Edison. Watajie Lewis Latimer, mtoto wa wazazi waliotoroka utumwa Marekani, aliyepata hataza mwaka 1882 ya njia bora ya kutengeneza nyuzi za kaboni zinazowaka ndani ya balbu, na ambaye kabla ya hapo alikuwa ameichorea simu ya Bell michoro ya hataza yake. Hawatashangaa tena kusikia kwamba kitu kimoja kina mikono mingi.

Kuna mahali lugha yetu yenyewe inatusaidia, nasi walimu tunaupoteza msaada huo kwa uzembe wa maneno. Tuna kugundua, tuna kubuni, na katikati tuna kuvumbua, ambalo kwa matumizi ya sasa linabeba yote mawili. Kugundua ni kukifunua kilichokuwapo. Kubuni ni kukileta ambacho hakikuwapo. Tukiyachanganya, tunawachanganya na watoto. Vizazi vya wanafunzi vimeandika kwenye madaftari yao kwamba Rebmann aligundua Mlima Kilimanjaro mwaka 1848. Mmisionari yule aliuona mwaka huo na akawapelekea habari watu wa Ulaya. Huo ndio ukweli wake, nao unatosha. Waliokuwa wakiishi kwenye miteremko ya mlima ule hawakuhitaji kugunduliwa mlima wao. Na tena walikuwa wamebuni kitu: mifereji inayochukua maji kwenye vijito vya juu na kuyateremsha kwa maili nyingi hadi kwenye migomba, ikifuata mwinuko wa ardhi kwa kipimo cha macho na uzoefu, pamoja na utaratibu wa zamu za kuyagawa maji hayo. Jina la aliyeuchimba mfereji wa kwanza halimo kwenye jedwali lolote. Mwalimu wa Moshi au Marangu ana somo zima nje ya dirisha lake, halihitaji hata nauli.

Upande wa kugundua, hakuna mfano ninaoupenda kuliko wa Erasto Mpemba, na kila mwalimu wa sayansi katika nchi hii anapaswa kuujua kwa undani, kwa sababu unamhusu yeye mwalimu kuliko unavyomhusu mwanafunzi.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, wilaya ya Lushoto. Wavulana pale walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa finyu. Siku moja Mpemba aliona akisubiri yapoe atakosa pa kuweka, akayatia yakiwa bado ya moto. Mwenzake alitia yake bila kuyachemsha kabisa. Baada ya saa moja na nusu aliporudi, ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa. Angeweza kuliacha hapo, na wengi wetu tungeliacha. Lakini baadaye alimkuta rafiki yake mjini Tanga aliyekuwa akiuza aiskrimu, na rafiki yule akamwambia kwamba wao huyatia yakiwa ya moto makusudi, yanaganda upesi. Mafundi wa mtaani walikuwa wanajua. Mpemba alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, akauliza tena. Jibu alilopata ni kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo, kila alipokosea hesabu, darasa lilimtania kwa jina hilohilo.

Halafu akaja mgeni, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu Dar es Salaam. Baada ya mazungumzo yake na wanafunzi, Mpemba alisimama mbele ya wote waliokuwa wakimcheka, akauliza: ukichukua vyombo viwili vyenye maji sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, cha nyuzi 100 kinatangulia kuganda. Kwa nini? Osborne hakucheka, na hakudai kuwa analo jibu. Aliporudi Dar es Salaam aliagiza jambo lile lipimwe kwenye maabara. Mwaka 1969 makala yao wawili ilichapishwa, jina la Mpemba likiwa la kwanza. Wataalamu wanaendelea kubishana mpaka leo kuhusu sababu, na wako wanaopinga hata kwamba jambo lenyewe hutokea kila mara, lakini wote wanaliita kwa jina la yule kijana wa Magamba.

Mpemba hakubuni friza wala aiskrimu. Aliona, akauliza, akachekwa, akapima mwenyewe, akauliza tena. Ninapowafundisha walimu wenzangu nawaomba wasiishie kwenye sifa ya Mpemba. Nawaomba wajiweke kwenye viatu vya wale walimu wawili wa kwanza. Walikuwa watu wenye elimu, walioijua kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, na kwa kanuni ile swali lilionekana upuuzi. Kila mmoja wetu amewahi kusimama pale. Mimi nimesimama. Niliwahi kumwambia mtoto akae chini kwa swali kuhusu moshi wa koroboi, kisha jioni nikiwa nyumbani nikatambua kwamba sikuwa na jibu lake. Kesho yake nilimwomba radhi mbele ya wenzake, lakini hakuuliza tena mwaka ule.

Mfano wa tatu ninaoutumia unatoka jikoni, nao ni wa kubuni kwa maana halisi. Majiko ya mkaa ya bati tupu yalikuwa yanapoteza joto pande zote. Mkaa mwingi unaungua, sufuria inapata kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu na mafundi wa Kenya, mmoja wao akiwa Maxwell Kinyanjui, waliliangalia jiko la ndoo la Thailand, ambalo ndani lina udongo uliochomwa unaolihifadhi joto. Hawakulinakili tu. Waliendelea kulijaribu na kulirekebisha, mafundi wa bati wakishirikiana na watu wa udongo, mpaka likapata umbo tunalolijua, pana juu na chini, jembamba kiunoni, na udongo ukishikamana na bati. Lilipunguza mkaa kwa kiasi ambacho mama wa nyumbani alikiona kwenye gunia lake bila kuhitaji mizani. Na kwa kuwa halikufungiwa kwa hataza, mafundi wa jua kali walilichukua wakaliuza, wakalisambaza. Likavuka mpaka, na Dar es Salaam likaitwa jiko bora.

Kwenye somo hili huwa tunaomba jiko bovu kutoka kwa mama lishe wa karibu, tunalivunja. Wanafunzi wanauona unene wa udongo, wanaona mahali ulipopasuka, na mara moja wanaanza kulirekebisha kwa maneno: hapa pangekuwa panene zaidi, mlango huu ungekuwa na kizuizi cha upepo. Wengi wao wamekoka jiko tangu wakiwa wadogo. Wanajua mambo yake ambayo mimi siyajui. Huo ndio wakati ninaokaa kimya kabisa.

Narudi kwenye biki, maana niliwaacha wanafunzi na maswali yao. Katundu ka ubavuni kanaruhusu hewa iingie, shinikizo la hewa ndani na nje liwe sawa, wino ushuke kadiri unavyotumika. Tundu la kifuniko liliwekwa ili mtoto akikimeza kikamkwama kooni, hewa iendelee kupita. Pembe sita zinaizuia isiviringike na kuanguka kutoka mezani. Majibu hayo hatimaye hutoka, mengine kwao, mengine kwangu.

Lile la soli ya kiatu silijibu kamwe. Darasa moja la kidato cha kwanza liligawanyika kwa swali hilo. Upande mmoja ulisema ni joto la msuguano linaloulainisha wino uliokauka. Upande wa pili ulisema joto halihusiki, ni kigololi tu kinacholazimishwa kuzunguka. Walibishana mpaka kengele ikalia, wakaendelea kubishana uwanjani. Jumatatu iliyofuata walikuja na kikapu cha biki zilizogoma, wamezikusanya kutoka kila darasa. Wakazigawa mafungu mawili. Moja walilipanga kwenye ukingo wa dirisha la mashariki, juani, bila kulisugua. La pili walilitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya baridi, na msichana mmoja akavua kiatu chake cha kushoto, akakiweka juu ya dawati langu, tayari.